Kuta Zilizoomba Kuaminiwa: Majengo ya Biashara na ya Umma katika Miji ya Ireland Enzi za Malkia Victoria

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa walimu, wanafunzi wa usanifu majengo, na nyote mlioitika mwaliko huu,

Mada niliyopewa ni majengo ya biashara na ya umma yaliyosimamishwa katika miji ya Ireland wakati wa utawala wa Malkia Victoria, yaani kati ya mwaka 1837 na mwaka 1901. Kwa kawaida mada hii hufundishwa kwa kufuata mitindo: huu ni wa Kigiriki, ule ni wa Kiitalia, na ule mwingine ni wa Kigothi. Mitindo nitaigusa pale itakapolazimu, lakini leo naomba tuyatazame majengo haya kwa jicho la mtu aliyekuwa akipita mbele yake huku akijiuliza kama aingie ndani au aendelee na safari yake. Hoja yangu ni kwamba katika Ireland ya karne ya 19 jiwe lilitumika kuomba kuaminiwa. Benki iliomba kuaminiwa na mkulima, kampuni ya reli iliomba kuaminiwa na wanahisa na abiria, na serikali, ambayo haikuwa na hakika ya kupendwa, iliomba angalau kuheshimiwa. Yapo maombi yaliyostahili kukubaliwa na yapo ambayo hayakustahili hata kidogo, na ukuta wenyewe haukumsaidia mpita njia kujua tofauti.

Kwanza tukumbushane hesabu ya watu, maana bila hiyo majengo haya hayaeleweki. Mwaka 1841 Ireland ilikuwa na watu wapatao milioni 8.2. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, ambavyo ndivyo vilikuwa chakula cha maskini, na Njaa Kuu iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja na kuwalazimisha wengine wa idadi kama hiyo kupanda meli na kuhama. Sensa ya mwaka 1851 ilikuta watu milioni 6.5, na kufikia mwaka 1901 walikuwa wamebaki kama milioni 4.5. Hata hivyo, ni katika miaka hiyo hiyo ya kupungua ambapo barabara kuu za miji midogo zilipata benki, mahakama, stesheni, masoko yenye paa na maduka ya ghorofa. Mgeni anayepita huko leo ana haki ya kuuliza fedha ilitoka wapi. Ilitoka kwa wale waliobaki. Vishamba vya waliokufa na waliohama viliunganishwa kuwa mashamba makubwa, ufugaji wa ng'ombe wa kuuza Uingereza ukachukua nafasi ya kilimo cha nafaka, na kundi jipya la wakulima wenye uwezo na wenye maduka likaanza kuwa na akiba. Kwenye akiba hiyo ziliongezeka fedha zilizotumwa na ndugu waliokwenda Marekani. Akiba inahitaji mahali pa kukaa, na hapo ndipo benki zilipoingia.

Sheria za mwaka 1824 na 1825 zilikuwa zimefungua njia kwa benki za wanahisa wengi nje ya eneo la Dublin, na sheria ya mwaka 1845 ikaiondolea Bank of Ireland upendeleo iliokuwa nao ndani ya maili hamsini za Kiireland kutoka mji mkuu. Provincial Bank ilianza mwaka 1825, National Bank ya Daniel O'Connell, mwanasiasa mtetezi wa haki za Wakatoliki, mwaka 1835, na Ulster Bank mwaka 1836. Zote zilitaka amana za watu wale wale. Basi mji ambao haukuwa na watu hata elfu tatu ungeweza kukuta benki tatu zinatazamana barabarani, kila moja ikijitahidi kuonekana imara kuliko mwenzake.

Sura ya benki hizo za matawi hutambulika mara moja. Jengo lilisimama barabara kuu, likiwa refu kuliko maduka ya jirani, na lilijengwa kwa jiwe lililochongwa kwa patasi ilhali maduka yalikuwa ya mawe ya hovyo yaliyofunikwa lipu. Mawe ya ghorofa ya chini yaliachiwa mifereji mipana kati yake ili yaonekane mazito na magumu kuvunjika. Ghorofa iliyofuata ilikuwa na madirisha marefu zaidi, mengi yakiwa na vijipaa vyake, na juu kabisa ulipita ukingo mpana ulioangusha kivuli ukutani. Wasanifu waliuchukua mpango huo kutoka majumba ya Florence na Rome ya karne ya 15 na 16, na hawakubahatisha, kwa kuwa baadhi ya familia zilizojenga majumba yale zilitajirika kwa kukopesha fedha. Milango ilikuwa miwili: mmoja wa ukumbi wa benki, na mwingine wa nyumba ya meneja, aliyeishi juu ya ukumbi huo na mkewe na watoto wake. Meneja anayelala juu ya akiba za mji lilikuwa tangazo lisilohitaji maandishi, na mimi huamini kwamba mlango ule wa pili uliwatuliza wateja kuliko nguzo zote za mbele.

Walikuwa na sababu ya kuhitaji kutulizwa. Mwezi Februari mwaka 1856 John Sadleir, mbunge aliyewahi kushika cheo katika Hazina ya Uingereza, alikutwa amekufa kwa sumu katika uwanda wa Hampstead jijini London. Baada ya kifo chake ilibainika kwamba alikuwa ameikausha Tipperary Bank, benki yake mwenyewe, kwa udanganyifu wa miaka. Walioumia zaidi walikuwa wakulima wa kusini waliokuwa wamepeleka huko kila walichokipata baada ya njaa. Tazameni tarehe za majengo makubwa ya benki nchini humo na mtaona kwamba mengi yalijengwa katika miaka iliyofuata mkasa huo.

Mfano mkubwa kabisa uko Belfast, mtaa wa Waring. Makao makuu ya Ulster Bank yalichorwa na James Hamilton wa Glasgow na kufunguliwa mwaka 1860. Mbele pana safu mbili za nguzo, moja juu ya nyingine. Kileleni zimesimama sanamu za Britannia (mwanamke anayewakilisha Uingereza), Haki na Biashara, zilizochongwa na Thomas Fitzpatrick. Na ndani upo ukumbi wenye kuba la kioo na malaika wanono wa plasta ambao, kwa maoni yangu, wamezidi kiasi. Mteja aliyeleta shilingi zake chini ya kuba lile alielezwa bila kuambiwa kwamba benki yenye uwezo wa kutumia fedha nyingi kiasi hicho kwenye dari haiwezi kufilisika. Hoja hiyo, mkiifikiria vizuri, haina mantiki, kwa sababu dari hiyo ililipwa na nani kama si wateja wenyewe? Lakini ilifanya kazi. Benki hii haikufilisika, na tangu mwaka 2006 jengo lake ni hoteli, ukumbi wa amana ukiwa umegeuzwa ukumbi wa chakula.

Mfano wa pili uko Dublin, mtaa wa Dame, nao una mafunzo zaidi. Munster Bank, iliyokuwa na makao yake Cork, ilitaka kuonekana katika mji mkuu, ikampa kazi Thomas Newenham Deane mwanzoni mwa miaka ya 1870. Alijenga kwa mtindo unaokumbusha Italia ya kaskazini ya zama za kati, wenye matao ya duara na vichwa vya nguzo vilivyochongwa kwa uangalifu mkubwa. Ni jengo zuri kweli kweli. Mwezi Julai mwaka 1885 Munster Bank ilisimamisha malipo. Miezi michache baadaye benki mpya, Munster and Leinster, iliundwa kutokana na mabaki yake na kuhamia katika majengo yale yale, na mwaka 1966 hiyo nayo ikaungana na nyingine mbili kuwa Allied Irish Banks. Kwa hiyo ukuta ulioomba kuaminiwa kwa niaba ya benki iliyoanguka uliendelea kuomba kwa niaba ya benki zilizofuata, bila hata jiwe moja kubadilishwa. Wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba usanifu mzuri ni ule unaosema kweli. Mimi huwapeleka kwenye picha za jengo hili na kuwauliza kweli ipi.

Belfast inahitaji maelezo yake peke yake, kwa sababu ilikwenda kinyume na nchi nzima. Watu wake walikuwa chini ya 100,000 mwaka 1851, na kufikia mwaka 1901 walikaribia 350,000, wakivutwa na viwanda vya kitani na karakana za meli. Mwaka 1888 ilipewa hadhi ya jiji. Maghala ya kitani ya mtaa wa Bedford na ya kuzunguka uwanja wa Donegall hayakuwa maghala kama tunavyoyafahamu sisi, ya mabati na mlango mmoja mpana. Wanunuzi walifika hapo kutoka nchi za mbali kuchagua vitambaa, kwa hiyo mbele palijengwa kama jumba la mtukufu na nyuma ndiko kulikokuwa na kufungasha na kupakia. Ghala la Richardson, Sons and Owden, lililochorwa na W. H. Lynn na kukamilika mwaka 1869, ni mojawapo ya bora, na leo ni duka.

Jirani yake, kwenye kona ya uwanja huo huo, wenye duka la Robinson and Cleaver walijenga mwaka 1888 jumba lenye vichwa hamsini vya watu waliodaiwa kuwa wateja wao, vikichungulia kutoka ukutani. Wamo Malkia Victoria, mfalme wa Ujerumani na mkewe, Maharaja wa Cooch Behar, na George Washington. Huyo wa mwisho alifariki mwaka 1799, miongo mingi kabla duka halijafunguliwa, kwa hiyo ni vigumu kujua alinunua shuka lini. Ninaitaja habari hiyo kwa kuwa inaonyesha jinsi biashara za Belfast zilivyokuwa na haraka ya kujipatia ukoo.

Haraka hiyo ilikuwa na gharama yake chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya katikati ya Belfast imekaa juu ya tope laini la mdomo wa mto na ardhi iliyofukiwa, na majengo mazito yalibidi kusimamishwa juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenda chini. Mnara wa Saa wa Albert, uliojengwa kati ya mwaka 1865 na 1869 kumkumbuka mume wa Malkia, ulisimamishwa kwa namna hiyo karibu na mto Farset, nao una urefu wa mita 34 hivi. Magogo yalilegea na mnara ukainama zaidi ya mita moja, hadi ulipoimarishwa katika ukarabati uliokamilika mwaka 2002. Mashindano ya kuuchora nayo yaliinama. Aliyeshinda alikuwa W. J. Barre, kijana kutoka Newry, lakini kamati ilimpa kazi kimyakimya Charles Lanyon, mtu mwenye jina na marafiki, aliyekuwa wa pili. Wananchi walipiga kelele hadi Barre akarudishiwa haki yake. Hakuuona mnara ukikamilika. Alifariki mwaka 1867 akiwa bado hajatimiza miaka arobaini.

Lanyon tusimwonee, kwani alifanya kazi nyingi na nyingi zilikuwa nzuri: Queen's College ya Belfast iliyofunguliwa mwaka 1849, jela ya barabara ya Crumlin na mahakama inayoikabili, na jumba la forodha la mwaka 1857. Jela na mahakama aliziunganisha kwa njia ya chini ya barabara, ili mfungwa apelekwe kuhukumiwa na kurudishwa bila kuonekana na umma. Kwa mbunifu lilikuwa suluhisho la busara, na kwa mfungwa huenda lilikuwa na maana nyingine. Jumba la forodha ni tofauti. Lilijengwa kutangaza utajiri wa bandari na mamlaka ya Taji, likiwa na Britannia tena kileleni, lakini ngazi zake pana ziligeuka jukwaa la wahubiri na wanasiasa wa kila aina, na ni hapo ambapo James Larkin, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, aliwahutubia wafanyakazi wa bandari wakati wa mgomo wa mwaka 1907. Sidhani kama Lanyon aliwaza hilo alipokuwa akichora ngazi. Ila ngazi pana inayotazama uwanja wazi humfaa yeyote mwenye sauti, na msanifu hana namna ya kumchagua.

Sasa nije kwenye majengo ya umma ambayo hayakuomba kupendwa kabisa. Sheria ya Maskini ya mwaka 1838 iligawa Ireland katika wilaya 130, na kila wilaya ilitakiwa kuwa na nyumba ya mafukara, mahali ambapo mtu asiye na kitu angepata chakula kwa masharti ya kufanya kazi na kuishi ndani ya uzio. Msanifu mmoja, George Wilkinson kutoka Oxfordshire, alichora zote 130, na nyingi zilikamilika kabla njaa haijafika. Maagizo aliyopewa yalikuwa kwamba ziwe za gharama ndogo kadiri uimara utakavyoruhusu, na kwamba kila pambo liepukwe kwa makusudi. Alitii. Mbele pana jengo dogo la mapokezi lenye paa la pembe tatu, lenye sura ya shule ya kijijini nchini Uingereza, karibu lipendeze. Nyuma yake ndipo lilipo jengo kuu refu, lenye kuta za ndani zisizo na lipu zilizopakwa chokaa, na majukwaa ya mbao ya kulalia yaliyopangwa pande mbili za ujia. Viwanja vya ndani vilitenganishwa kwa kuta ndefu: wanaume upande wao, wanawake upande wao, wavulana na wasichana vivyo hivyo. Familia iliyoingia pamoja kupitia mlango wa mbele iligawanywa kabla ya kufika ndani.

Wanafunzi, naomba mtulie kidogo kwenye mchoro wa Wilkinson, kwa kuwa ni rahisi kuupita mkikimbilia vioo na marumaru. Nyumba hizi ndizo zilizokuwa majengo makubwa kuliko yote katika miji mingi ya Ireland mwaka 1845. Mpango mmoja ulirudiwa kotekote, na ulikuwa na mantiki iliyonyooka kabisa: mlango, mapokezi, mgawanyo, kazi, wagonjwa nyuma. Njaa ilipofika, zilijazwa kupita uwezo wake na zikawa mahali pa kufia. Uamuzi wa kutopamba nao ni uamuzi wa usanifu, na kwa maskini ulisomeka vizuri zaidi kuliko benki ilivyosomeka kwa mkulima. Nyingi zimebomolewa, baadhi ziligeuzwa hospitali za wilaya, na ile ya Portumna, katika jimbo la Galway, iliyoongezwa baadaye, inatunzwa kama makumbusho ya historia hiyo. Wilkinson mwenyewe baadaye alichora stesheni ya mtaa wa Harcourt jijini Dublin, iliyofunguliwa mwaka 1859 na yenye safu ya nguzo na tao kubwa la kupendeza, kana kwamba mapambo yote aliyonyimwa alikuwa ameyawekea akiba.

Kuhusu stesheni nitasema kidogo, ingawa zinastahili mhadhara wao. Kampuni za reli zilikuwa mpya, hatari na zenye njaa ya mitaji, kwa hiyo vituo vya mwisho vya Dublin vilijengwa kwa fahari isiyolingana na idadi ya treni. Kingsbridge, kazi ya Sancton Wood iliyofunguliwa mwaka 1846, ni jumba la nguzo za Kikorintho na mashada ya maua ya mawe, na ukiiona kwa mbele hutadhani kuna treni nyuma yake. Broadstone ya John Skipton Mulvany, ya mwaka 1850, ndiyo ninayoipenda mimi: kuta za itale zinazoegemea ndani kidogo kama za hekalu la Misri, hazina karibu pambo lolote, na bado huwezi kuondoa macho. Treni za abiria ziliacha kufika hapo mwaka 1937.

Hadi hapa nimezungumzia waliolipa na waliochora. Upo upande wa tatu, wa waliochonga, na hapa ndipo Ireland ya enzi hiyo ilipotoa kitu ambacho miji ya Uingereza ilikuja kukihitaji. Kati ya mwaka 1853 na 1857, Thomas Deane, mwanawe Thomas Newenham Deane na mwenzao Benjamin Woodward walijenga Jumba la Makumbusho la Trinity College, Dublin. Kwa nje ni mstatili uliotulia, wa umbo la majumba ya Venice. Anayeingia mlangoni hupokewa na ukumbi wa ngazi wenye makuba mawili ya matofali ya rangi ya bluu, nyekundu na manjano, na nguzo za marumaru zilizochimbwa Ireland yenyewe: kijani kutoka Connemara, nyekundu kutoka Cork, nyeusi kutoka Kilkenny. Jengo lilifundisha jiolojia ya nchi kabla mwanafunzi hajafika darasani.

Lakini kinachowafanya watu wasimame ni vichwa vya nguzo na fremu za madirisha. Woodward alifuata fikra za John Ruskin, mwandishi Mwingereza wa sanaa na usanifu, kwamba mchongaji apewe uhuru, asilazimishwe kunakili mfano wa msanifu. Wachongaji walikuwa James na John O'Shea na wenzao, watu wa Ballyhooly katika jimbo la Cork. Kila kichwa cha nguzo ni tofauti na mwenzake: hapa kuna majani ya mwaloni, pale mayungiyungi, kwingine ndege anajificha kwenye mchirizi wa majani hivi kwamba unaweza kupita mara kumi bila kumwona. Jani moja limejikunja ukingoni kama lililoanza kunyauka, na mchongaji ameufuata mkunjo huo hadi nyuma, mahali ambapo jicho la mpita njia halifiki. Hakuna mchoro wa msanifu ungeweza kuagiza jambo hilo.

Ndugu hao walichukuliwa kwenda Oxford kuchonga makumbusho ya chuo kikuu cha huko. Inasimuliwa kwamba James alipokatazwa kuendelea kuchonga nyani kwenye dirisha, alihamia juu ya mlango akaanza kuchonga kasuku na bundi, akiwalenga wakubwa wa chuo, na kwamba aliamriwa kuvikata vichwa vyao. Ndege hao walioharibiwa bado wapo. Nyani wengine wanacheza biliadi chini ya nguzo katika jengo la Kildare Street Club, Dublin, lililojengwa na wasanifu hao hao kati ya mwaka 1858 na 1861 kwa ajili ya wenye ardhi na matajiri wa kaliba yao. Wataalamu wanabishana kama ni kazi ya akina O'Shea au ya mchongaji mwingine, C. W. Harrison. Vyovyote iwavyo, klabu ya mabwana wakubwa iliingia mlangoni mwake kwa miongo mingi ikipita kando ya nyani waliovaa sura ya wanachama, na nafikiri mchongaji alilijua hilo. Woodward alifariki mwaka 1861 huko Lyon, akiwa na umri wa miaka ya arobaini tu. Ngazi kuu ya klabu, iliyosifiwa kuliko zote za jiji, ilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 jengo lilipogawanywa ofisi.

Uhuru wa aina hiyo ulifika pia kwa mafundi wasiokuwa na jina kubwa. Huko Listowel, katika jimbo la Kerry, mjenzi Pat McAuliffe, aliyeishi kati ya mwaka 1846 na 1921, alifunika maduka na baa za mji wake kwa plasta aliyoifinyanga kwa mkono: kinubi, mbwa mkubwa wa mawindo, mnara wa duara wa watawa, na mwanamke anayewakilisha Ireland. Wenye maduka hao hawakuwa na fedha za jiwe la kuchonga; walikuwa na saruji, chokaa na fundi mwenye fikra. Wataalamu wa usanifu walichelewa sana kumtazama. Nao Crown Liquor Saloon ya Belfast, iliyopata sura yake ya sasa katika miaka ya 1880 na 1890, ina vigae vya rangi nje na ndani, taa za gesi, na vyumba vidogo kumi vya mbao vilivyopewa herufi kutoka A hadi J, vyenye vibati vya kuwashia viberiti ukutani. Ukiwa umefunga mlango wa chumba hicho, hakuna anayejua unakunywa na nani. Baa pia iliomba kuaminiwa, kwa jambo tofauti.

Utawala wa Uingereza ulipoondoka katika sehemu kubwa ya kisiwa mwaka 1922, dola mpya ilirithi yote haya na haikujua iyafanyeje. Masanduku ya posta mekundu yalipakwa rangi ya kijani huku herufi za Malkia zikiachwa kwenye chuma. Sanamu ya Victoria iliyokuwa mbele ya bunge iliondolewa mwaka 1948 na hatimaye kupelekwa Sydney. Kingsbridge ilipewa mwaka 1966 jina la Seán Heuston, karani wa reli hiyo aliyepigwa risasi na Waingereza mwaka 1916, na kwa maoni yangu hakuna ubadilishaji wa jina uliofaa zaidi ya huo. Waliojitokeza kutetea urithi wa majengo walianza na yale ya karne ya 18. Irish Georgian Society iliundwa mwaka 1958. Majengo ya Victoria yaliendelea kuitwa mazito na ya kujionyesha, hadi jumuiya ya urithi wa majengo ya Ulster, upande wa kaskazini, iliyoundwa mwaka 1967, ilipoanza kuyaandika moja baada ya jingine, wakati ambapo mabomu ya machafuko ya Ireland Kaskazini yalikuwa karibu kuanza kuyaondoa. Ukumbi wa jiji wa Derry, Guildhall, uliofunguliwa mwaka 1890 kwa fedha za makampuni ya London, ulipigwa mabomu mwaka 1972. Mmoja wa waliofungwa kwa tendo hilo aliingia humo miaka kadhaa baadaye akiwa diwani aliyechaguliwa.

Ninafikia jambo linalowahusu ninyi mtakaofanya kazi hii. Mwaka 2021 Bank of Ireland ilitangaza kufunga matawi 103 kisiwani, na mwaka huo huo Ulster Bank ilitangaza kuondoka kabisa katika Jamhuri ya Ireland. Majengo mengi ya mawe niliyoyaeleza mwanzoni sasa yako sokoni, katika miji ambayo wanunuzi wake si wengi. Ukumbi wa benki ni mgumu kugeuzwa. Dari iko juu sana kwa makazi, sakafu ya chini ina chumba cha fedha chenye kuta ambazo hazibomoki kirahisi, na mlango wa mteja ni mwembamba kwa makusudi. Lakini nyumba ya meneja bado iko juu, ina mlango wake na ngazi zake, na watu wanatafuta pa kuishi. Maktaba, zahanati au ofisi ya halmashauri chini, familia juu: ndivyo jengo lilivyokusudiwa kugawanywa tangu mwanzo. Kinachokwamisha mara nyingi ni kanuni za moto kuhusu ngazi moja ya mbao, na gharama ya kuzitimiza, mambo ambayo mhandisi na halmashauri wakikaa pamoja huweza kuyamaliza.

Inawezekana hata katika hali mbaya zaidi. Tarehe 28 Agosti 2018 jengo la Belfast liitwalo Bank Buildings, kazi ya W. H. Lynn iliyokamilika mwaka 1900 kwa jiwe jekundu la mchanga kutoka Scotland, liliungua hadi zikabaki kuta za nje. Licha ya jina lake, halikuwa benki bali duka la nguo, na duka la nguo ndilo lililokuwemo siku ya moto. Wapo waliopendekeza kulibomoa. Kuta zilishikiliwa, mawe yaliyoharibika yakachongwa upya, na mwezi Novemba mwaka 2022 wateja waliingia tena. Mkipata nafasi ya kuona picha zake, angalieni ghorofa za juu, mlinganishe mawe mapya na ya zamani, kisha mniambie kama mnaona mshono. Maswali nitayapokea sasa.